Viroba vitatu vya sare kuukuu: uanzie wapi?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 27, nina kibanda cha cherehani Kizota hapa Dodoma, nashona pamoja na dada yangu. Mjomba wangu ni mtunza stoo wa kampuni ya ulinzi. Wamebadilisha sare, za zamani ameniletea mimi: viroba vitatu vya mashati, suruali na makoti. Kuna na vizibao vya kung'aa kama sitini vya vibarua wa barabara, na mahema mawili yaliyochoka. Nimeona watu wanashona mabegi kwa vitu kama hivi. Nianze na nini, nitengeneze nini, niuze bei gani? Na je, naweza kupata matatizo na serikali kwa kuwa ni sare?"

Marahaba, mwanangu. Maswali yako ni manne na nitaanza na la mwisho, maana hilo likienda kombo mengine hayana kazi.

Vimwage viroba vyote nje, mchana, juu ya turubai safi, uangalie kipande kimoja kimoja. Ukikuta chochote cha mabakamabaka, au nguo ya JWTZ, JKT, Polisi, Magereza, Uhamiaji, Zimamoto au askari wa uhifadhi, kiweke pembeni na mkasi wako usikiguse. Usijidanganye kwamba kikishageuka begi si sare tena. Kanuni ya Adhabu inamkataza raia kuvaa sare za majeshi yetu bila ruhusa, na mwezi Agosti 2023 JWTZ liliwapa raia siku saba wasalimishe mavazi ya jeshi na yanayofanana nayo. Mfuko wa kitambaa kile ukining'inia kibandani, mtu atakuuliza ulikitoa wapi, nawe hutakuwa na jibu la kumtosheleza. Mwone mwenyekiti wa mtaa wako, mweleze kilichokufikia na kilivyokufikia, kisha mkipeleke pamoja kituo cha polisi. Siku hiyohiyo.

Sare za kampuni binafsi ni jambo jingine, lakini nazo zina mwenyewe. Mjomba ni mtunza stoo, mali si yake. Muombe akupatie barua ya kampuni yenye muhuri, iseme umepewa vipande vingapi na vya kazi gani. Najua utaona kama unamkosea adabu mzee. Mwambie ni mimi niliyekutuma. Barua ile inamlinda yeye kuliko inavyokulinda wewe, kwa sababu shati la mlinzi likionekana mwilini mwa mtu aliyevunja duka, wa kwanza kuitwa ni stoo. Nembo nazo usizifumue tu ukadhani umemaliza. Kitambaa kilichoizunguka beji kimepauka na kilichokaa chini yake hakijapauka, kwa hiyo ukiibandua kivuli chake kinabaki, na maandishi yanasomeka. Kata kipande chote pamoja na nembo yake, kikate tena katikati, uzirudishe stoo kwa hesabu.

Sasa tuje kwenye kitambaa, na hapa nitakaa sana.

Wengi wakipata mzigo kama wako swali lao la kwanza ni "nishone nini?" Mimi swali langu la kwanza ni jua lilipiga wapi. Chukua shati moja la mlinzi aliyekaa getini miaka miwili mitatu. Nyanyua kifuniko cha mfuko wa kifuani. Chini yake rangi imeiva vilevile kama siku lilipotolewa kwenye nailoni. Panda begani: pamekuwa rangi ya majivu, na ukipapasa unasikia ukavu fulani, kama ganda la kitunguu. Shika pale begani kwa mikono miwili, vidole gumba vikaribiane, uvute kwenda kando kwa nguvu, kama mtu anayetaka kuchana kanga. Kikitoa mlio mkavu kikaachia, kimekufa. Rudia hivyohivyo kwenye pindo la chini, ile sehemu inayochomekwa ndani ya suruali. Utavuta mpaka vidole viume. Ni shati lilelile, lilifuliwa siku zilezile kwa sabuni ileile. Tofauti ni kwamba huku chini jua halikuwahi kupaona.

Sisi wa Dodoma inatupasa tulijue hili kuliko mafundi wa pwani. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua haizidi sana milimita 500 hadi 600 kwa mwaka na karibu yote inaanguka kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki anga ni wazi na jua linakula uzi kutoka asubuhi mpaka jioni. Polyester inavumilia kiasi. Nailoni inachoka mapema zaidi, ndiyo maana mahema na mikoba ya mgongoni ya nailoni huonekana mizima halafu siku moja inachanika yote.

Kwa hiyo kila nguo ya kazi ya nje ina ramani yake. Mabega, mgongo wa juu, kofia na juu ya kola vimekufa kwa jua. Makalio, magoti na ndani ya mapaja vimekwisha kwa msuguano, na hivyo unavijua kwa kuinua kitambaa mbele ya mwanga: ukiona mwanga unapenya kama kwenye chujio, achana napo. Vilivyo hai ni pindo la shati, sehemu ya mguu wa suruali kuanzia chini ya goti hadi kwenye pindo, mkanda wa kiuno, mifuko ya pembeni ya mapaja, na bitana la koti. Chora mstari wa chaki kuzunguka vilivyo hai kabla hujashika mkasi. Kazi nyingi za namna hii zinazorudishwa na wateja hazikushonwa vibaya. Zilikatwa kwenye bega.

Vilivyokufa navyo usivitupe. Vikatekate vipande vidogo uvifanye ujazo wa mito ya kukalia na vishika sufuria... hapana, ngoja, kwenye vishika sufuria lazima nikusimamishe, maana hapo kuna hatari.

Sare nyingi za ulinzi na ujenzi ni mchanganyiko wa polyester na pamba, na mchanganyiko unaokutana nao zaidi ni polyester asilimia 65 na pamba 35, ule ambao wazee wetu waliuita tetroni. Polyester inayeyuka. Ikiyeyuka inashika kwenye ngozi. Kwa hiyo usishone kishika sufuria, aproni ya mama lishe, aproni ya mchoma nyama wala ya mchomeleaji vyuma kwa kitambaa ambacho hujakipima kwa moto. Kipimo chenyewe ni rahisi: kata utepe wa upana wa kidole, ushike kwa koleo juu ya beseni la maji, uuwashe kiberiti. Pamba tupu inaungua kama karatasi, inanuka karatasi iliyoungua, na majivu yake ni laini, yanapeperuka. Polyester inajikunja kuukimbia moto, inatoa moshi mweusi, na mwisho wake unabaki tone gumu jeusi kama ushanga. Mchanganyiko unaungua kama pamba, lakini ukisugua majivu kwa vidole unasikia punje ngumu. Ukisikia punje, kitambaa hicho hakiendi jikoni wala kwenye cheche. Kama lebo ya ndani bado ipo isome, lakini moto fanya vilevile. Nimeshakuta lebo inasema pamba na moto unasema vingine.

Kabla ya kufua, nusa. Nasema kweli, nusa kila kiroba. Miaka kadhaa iliyopita nililetewa mzigo wa ovaroli kutoka shamba moja, nikaambiwa ni za vibarua wa palizi. Tulianza kufumua asubuhi. Kufikia saa saba mwanafunzi wangu mmoja mikono ilikuwa imemwasha hadi viwiko. Zilikuwa zimevaliwa na wapuliza dawa. Nguo iliyokunywa viuatilifu haisafiki kwa kuiombea, na ukiichanganya na nyingine kwenye beseni inazigawia. Huku kwetu kwenye zabibu upuliziaji ni kazi ya kila msimu, kwa hiyo nguo za mashambani zinazokuja bila maelezo mimi sizipokei tena. Hizo zako ni za walinzi, lakini stoo huchanganya. Yenye harufu ya dawa, ya dizeli isiyotoka, au ya kemikali usiyoijua, irudi ilikotoka. Usiichome moto uani.

Zilizobaki loweka usiku kucha. Maji yetu mengi ya visima yana chumvi, sabuni ya mche haitoi povu vizuri na inaacha utando wa kijivu kwenye kitambaa, hivyo tumia sabuni ya unga na suuza mara mbili. Mafuta ya kwenye kola na vikwapa yapake sabuni ya maji ya vyombo kwanza. Mfuo wa mwisho uwe wa maji ya moto kweli, nyuzi 60 na kuendelea, ili kama kuna kunguni na mayai yao waishie humo; nguo za vibanda vya walinzi mara nyingi hukaa nao. Anika kivulini. Ni ajabu kuokoa kitambaa kutoka juani halafu ukirudishe juani siku mbili.

Sasa nikwambie kitu nilichochelewa kukielewa kuliko vyote: usifumue.

Fundi aliyefundwa vizuri akipewa suruali kuukuu anataka kuifumua yote, apate vitambaa bapa, avipige pasi, aanze upya kama ametoka dukani. Hapo ndipo faida inapozikwa. Suruali ya kazi imeshonwa kiwandani kwa mishono pacha, wengine huongeza bateki, ule mshono mfupi uliorudiwarudiwa wa kukaza, kila kona. Mishono ile ndiyo sehemu imara kuliko zote na imeshalipiwa. Ukikaa dakika 25 kuitoa kwa wembe halafu ukashona mishono yako palepale, umefanya kazi mara mbili na umepata kitu dhaifu zaidi.

Tazama mguu wa suruali. Weka suruali mezani, kata mguu kwa mstari ulionyooka vidole vinne chini ya goti. Mkononi una bomba la kitambaa, upana kama sentimita 22 likilala, urefu kama 40, lenye mishono miwili ya kiwandani pembeni. Na lina pindo lililokwishakunjwa. Ligeuze kichwa chini: pindo la suruali linakuwa mdomo wa begi, halihitaji chochote. Pindua ndani nje, funga ule upande ulioukata kwa mistari miwili ya mshono, kisha bana kila kona ya chini iwe pembetatu na ushone kuikata kwa upana wa sentimita 8. Geuza. Begi limesimama lenyewe, lina kitako cha sentimita 14 kwa 8. Linaingia chupa ya maji ya lita moja na nusu, mwavuli na daftari. Mkanda wa begani ni kiuno cha suruali ileile: kina gamu ndani, kile kitambaa cha kukaza, kina tabaka mbili, hakivutiki. Kikate chote na vishikizo vyake vya mkanda, ushone ncha zake kwenye mishono ya pembeni ya begi, juu ya pindo, kwa mraba wenye msalaba ndani. Mguu wa pili nao ni begi, ila kiuno umeshakitumia. Basi kwenye mapaja kata tepe mbili za sentimita 6 kufuata ule mshono wa nje, uwe katikati ya utepe. Kunja kingo ziukute mshono, shona, umepata vishikio viwili vya mkononi. Bitana, ukilihitaji, ni pindo la shati, lile jua halikuliona.

Suruali moja, mabegi mawili, na hukufumua mshono hata mmoja.

Mifuko ya pembeni ya mapaja ina kazi nyingine, na hii ningependa uijaribu kwa sababu wewe uko Dodoma na si kwingine. Zabibu zetu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, Februari na Machi, kisha tena Agosti na Septemba. Mvunaji wa Hombolo au Mpunguzi anafanya kazi mikono miwili juu, mkasi wa kukatia akiuweka mfukoni unamchoma paja au unaanguka kwenye majani. Kata mfuko wa pembeni pamoja na kitambaa ulichoshonewa, uache vidole vitatu kila upande. Kunja zile pembe nyuma, weka kiraka cha ngozi ya buti kuukuu ndani chini, pale ncha ya mkasi itakapogusa, na juu shona kitanzi cha kupitisha mkanda. Mkasi unaingia, kamba inaingia kando yake, kifuniko na velikro yake vipo tayari. Peleka vitano kwa wavunaji wenyewe wakavitumie wiki nzima ndipo ushone vingine. Wao watakwambia kitanzi kikae juu zaidi au chini zaidi. Zabibu zenyewe zisiwekwe humo.

Utaona sijakushauri mifuko ya sokoni. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, kila kona kuna ile mifuko mbadala ya bei ya chini, na huwezi kushindana nayo kwa bei ukiwa na cherehani mbili. Shona kitu ambacho mfuko ule hauwezi.

Na shona kimoja kwanza, au viwili. Vijana wanaoniandikia hunionyesha picha za kofia, pochi, viatu, mito na midoli iliyotoka kwenye kiroba kimoja, na miezi mitatu baadaye wamefunga. Ndugu wawili wa Zürich, Markus na Daniel Freitag, walianza mwaka 1993 na begi moja la kuning'iniza begani: turubai la lori, mkanda wa usalama wa gari kuwa mkanda wa begi, na tyubu ya baiskeli kuwa ukingo. Waliliacha turubai lifanye kazi lililoizoea, yaani kuzuia mvua. Uingereza, tangu 2005, kampuni ya Elvis & Kresse inashona mikanda na mikoba kwa mipira ya zimamoto iliyostaafu, na nusu ya faida ya bidhaa hizo inakwenda kwa mfuko wa kuwasaidia askari wa zimamoto. Lakini hatuhitaji kwenda huko kujifunza. Mtu wa kwanza aliyekata tairi la gari akatengeneza makatambuga aliona kwamba kilichotembea barabarani maelfu ya kilomita kinaweza kutembea zaidi, akakiacha kiendelee kutembea. Huo ndio mtazamo ninaotaka uwe nao unapoangalia gambuti, buti au mkanda wa mlinzi.

Vizibao vya kung'aa. Kitambaa chenyewe cha rangi ya machungwa au ya limau ni chepesi, na rangi ile inapauka haraka, sikushauri ukitumie. Mali ni utepe wa kijivu, ule wa upana wa sentimita 5. Una chembe ndogo sana za kioo zinazorudisha mwanga kule ulikotoka, na kila mfuo unazing'oa kidogo. Usiupime mchana. Subiri giza, tundika vizibao vyote kwenye kamba, rudi nyuma hatua ishirini, weka tochi ya simu pembeni ya jicho lako, kwenye paji la uso kabisa, uwashe. Utepe ulio hai utakuwakia mweupe kama taa ya gari. Uliokufa utabaki kijivu. Tochi ukiishusha kiunoni utaona hata ulio hai umefifia, kwa sababu mwanga unarudi kwenye tochi na si kwenye macho yako, kwa hiyo iache pale pajini. Kati ya sitini, usishangae ukibaki na ishirini.

Hizo ishirini zinatosha kazi ya maana. Watoto wanaoondoka nyumbani alfajiri kwenda shule kandokando ya lami, baiskeli za wauza mkaa, mikokoteni ya punda inayorudi jioni bila taa. Shona utepe milimita mbili kutoka ukingoni, usiupige pasi moja kwa moja, na kwenye begi la shule uweke nyuma na kwenye mikanda ya mabegani yote miwili, ili mtoto aonekane akija na akienda. Kimoja nakukataza kabisa: usimuuzie kibarua wa barabara kizibao ulichokiunga kwa tepe kuukuu. Vizibao vya kazini vina kiwango chake cha kimataifa, ISO 20471, kinachopima eneo la utepe na nguvu ya mwanga. Mtu atasimama mbele ya lori akiamini kazi yako. Mwenye begi akionekana kidogo zaidi ni nafuu kwake, mwenye kizibao anategemea kuonekana kabisa.

Mahema nimeshaumizwa nayo, kwa hiyo sikiliza. Wakati fulani nilishona mikoba thelathini kwa hema zuri la rangi ya kijani, ikauzwa yote ndani ya wiki mbili. Mvua za Januari zilipoingia ikaanza kurudi: ndani inanata, inamwaga magamba meupe kwenye vitabu, inanuka kama maziwa yaliyoganda. Niliwarudishia wote hela zao. Kinachozuia maji kwenye hema jepesi ni utando wa plastiki uliopakwa upande wa ndani, na utando huo unaoza kwa unyevu na umri hata kama kitambaa ni kizima. Papasa ndani kwa kiganja. Ukinata, au ukibanduka unapousugua kwa kucha, utando umekufa, na kitambaa hicho usimwahidi mtu kwamba kinazuia mvua. Paa la hema karibu kila mara limekufa kwa jua. Sakafu mara nyingi ni nzima, maana ni nzito zaidi na ilikuwa kivulini. Lakini mimi nikipata hema, kitu cha kwanza ninachokitafuta ni zipu. Zipu ya hema ni ndefu, nene, ya meno ya nailoni, na unaweza kuikata urefu wowote ukafunga mwisho kwa kushona mara kadhaa palepale. Mahema yako mawili yanaweza kukupa zipu za mabegi yote ya mwezi wa kwanza. Kamba, bizimu na mikanda navyo vitoe vyote, viweke kwenye ndoo yake.

Cherehani yako ya kukanyaga inatosha. Kwa tetroni ya tabaka mbili hadi nne weka sindano namba 16, kwa mikanda na turubai namba 18, kwa kitambaa cha hema 11 au 12. Uzi uwe wa polyester, si wa pamba; uzi wa pamba utaoza kabla ya begi. Kwenye turubai refusha mshono ufike milimita 4, kwa sababu matundu yakikaribiana sana kitachanika kufuata mshono kama stempu. Usitumie pini kwenye kitu kinachozuia maji, kila tundu ni la kudumu. Tumia vibanio vya kuanikia nguo. Mguu wa cherehani ukinata kwenye plastiki, weka karatasi laini katikati, ushone juu yake, halafu uichane.

Bei. Kwanza jithamini. Tuseme siku yako ya kazi ya saa nane unaihesabu shilingi 15,000, hiyo ni kama shilingi 31 kwa dakika. Begi la kufumua linakula dakika 15 za kufua na kuchambua, 25 za kufumua, 50 za kukata na kushona, jumla 90, yaani shilingi 2,790 za kazi tu. Begi la mguu wa suruali nililokueleza linakula 15, kisha 5, kisha 35, jumla 55, shilingi 1,705. Weka uzi, kifungo na lebo 1,000, pango na umeme 500. La kwanza limekugharimu 4,290, la pili 3,205, na mteja akiyaona mezani haoni tofauti. Kwa siku moja la kwanza utashona matano, la pili manane. Namba hizi ni za mfano, weka zako, lakini pima dakika kwa saa ya simu na uziandike. Ukizikadiria kichwani utajipunja kila mara. Ukimuuzia mwenye duka kwa 4,500, naye ataongeza yake. Usiseme kitambaa nilipewa bure kwa hiyo niuze bure, maana kiroba cha nne huenda ukatakiwa kukinunua.

Mkitaka kukua, ulizeni ofisi ya kata juu ya mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 ni ya wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Inatolewa kwa vikundi, na kibanda chenye daftari la dakika na mauzo kina cha kuonyesha. SIDO, shirika la kuendeleza viwanda vidogo, nao wapo hapahapa Dodoma, wapitieni kwa mafunzo.

Na kwenye daftari hilo, dakika za dada yako ziandike kwenye safu yake, kwa shilingi 31 zilezile, kuanzia begi la kwanza.